Mita Saba

Nimeandika nyuma ya daftari la vipimo,
palepale ninapoweka viuno na mabega ya watu:
mikate miwili, ndizi za kuiva, maji ya kuchemsha,
sweta (Miti kuna baridi hata Julai),
kopo la Nsimire, maana porini
atakataa kuchuchumaa, namjua.

Halafu chini, kwa kalamu nyingine,
swali ambalo Bukavu huandikwa chini ya kila safari:
barabara ikoje wiki hii?

Birindwa akampigia shemeji yake wa Kavumu.
Shemeji akasema, leo nzuri.
Akasema, ya Jumamosi nitakuambia Ijumaa.
Basi Jumamosi tukaiandika kwa penseli.

Ashuza ana miaka sita na maswali tisini.
Gorila ana godoro? Kucha anakatwa na nani?
Akikohoa usiku, mama yake anampa nini?
Mimi napinda pindo la sare ya mtoto wa mtu,
namjibu na pini mdomoni,
na jibu la mwenye pini mdomoni ni mmm,
ambalo mtoto hulipokea kama ndiyo.

Jumatano nikaenda ofisini kwa watu wa hifadhi.
Dada wa mezani alivaa sketi niliyomshonea mwenyewe,
nusu ya deni bado iko kwake.
Akasema, chini ya miaka kumi na mitano hawapandi, mama.
Mafua ya mwanao yanaweza kumaliza ukoo mzima kule juu.
Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu
aliyewahi kuuona huo ukoo, akaujua kwa majina.

Nikapiga hesabu njiani hadi Nyawera,
nikiruka madimbwi:
kumi na tano toa sita,
kumi na tano toa tatu.
Miaka tisa. Miaka kumi na miwili.
Mimi, ambaye Jumamosi naiandika kwa penseli.

Sikuwaambia papo hapo. Nilipika kwanza.
Sambaza zilikuwa za kuhesabu, nikawahesabia.
Ndipo Birindwa akasema, kuna Lwiro,
wanalea sokwe yatima,
wavu uko katikati, hata mdogo anaingia.
Nani aliwaua mama zao? Ashuza akauliza.
Hapo hakuna aliyekuwa na pini mdomoni.

Kesho yake akaja na futikamba yangu.
Wale wanaoruhusiwa juu wanasimama wapi?
Mita saba, nikasema, hawasogei zaidi.
Mita saba inafika wapi?
Futikamba ni mita moja na nusu;
tukailaza uani mara nne, kisha sentimita mia,
kutoka mlango wa jikoni
hadi kwenye bomba lisilotoa maji tangu Pasaka.
Sikujua kuwa ni karibu hivyo.
Sikujua kuwa ni mbali hivyo.

Baba yao akageuza koti, bitana ya kijivu nje,
mgongo wa fedha kabisa.
Akakaa chini, akatafuna lengalenga mbichi
niliyoitafuta sokoni kwa mboga ya usiku.
Ashuza akasimama mstarini, kiganja mdomoni
badala ya barakoa, hapumui.
Nsimire naye akasimama. Moja, mbili, tatu, nne.
Kisha akachomoka, akazila mita zote saba,
akampangusia gorila kamasi kifuani.

Umemuua! Ashuza akalia.
Alilia kweli, hata gorila ikabidi avue koti
amwonyeshe kuwa ni baba.

Sasa ni Ijumaa usiku. Shemeji hajapiga.
Mkate nimenunua mmoja, ule wa pili usubiri.
Soksi za Nsimire bado mbichi,
nimezianika juu ya mbabula, nazigeuzageuza kama samaki.
Kando ya Jumamosi nimeandika Jumapili,
sikuifuta Jumamosi.
Mlangoni kuna viatu vinne vidogo,
pua zimeelekea nje.
Sijui ni nani aliyevipanga.